Sahani Tatu za Madam

Jumatatu, 13 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la kuandikia unyevu wa mahindi. Nilistaafu likiwa na kurasa zaidi ya mia hazijaguswa, na mtu aliyepima nafaka miaka thelathini na moja hatupi karatasi nzuri. Basi sasa ni daftari la paka.

Katunge amemleta saa tano asubuhi, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu. Anaitwa Madam. Ana rangi ya majivu, kifua cheupe, na ananitazama kama mkaguzi aliyetumwa kutoka makao makuu. Katunge ni binti yetu wa pekee. Ana hoteli huko Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na anasema fundi anabadilisha paa na kupaka rangi, na harufu ya rangi itamdhuru paka. Kwa hiyo Madam atakaa kwetu Migwani mpaka mwaka mpya.

Ameacha pakiti moja ya biskuti za paka, za bei ya kuogopesha, na karatasi ya maagizo. Nimeibandika ukutani. Inasema Madam anakula biskuti pekee, nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. Asipewe chakula cha watu. Asibadilishiwe chakula ghafla. Mstari wa mwisho unasema: "Ukiwa na swali lolote, Baba, nipigie wewe mwenyewe. Usimtume Mama."

Chai hakunywa. Alisimama mlangoni dakika ishirini, akaenda.

Jumanne, 14 Oktoba

Niandike ukweli, maana daftari ni langu.

Miaka miwili na nusu iliyopita Katunge aliacha kazi ya ukarani hapo Kitui akafungua hoteli. Siku ya kufungua walialikwa watu wengi, akaniomba nisimame niseme neno. Nilikuwa nimeshaonja chapati. Nikasimama nikasema chapati ni daraja la pili, kwa sababu ni nene katikati na zimeungua ukingoni, na hoteli yenyewe haitamaliza mwaka. Watu walicheka. Katunge hakucheka. Tangu siku hiyo anakuja nyumbani kwa mazishi tu, na mimi napata salamu kupitia kwa mama yake.

Chapati zilikuwa nene. Hilo sitalifuta. Lakini hoteli imemaliza mwaka, ikamaliza na wa pili, na sasa inapakwa rangi.

Paka huyu ndiye kitu cha kwanza alichoniomba tangu wakati huo. Akikonda au akifia mikononi mwangu, sitamwona Katunge tena ila kwenye mazishi, pengine yangu.

Nimempigia simu kuuliza nusu kikombe ni kikombe gani, cha chai au cha uji. Dakika mbili. Nimeweka alama ya kwanza pambizoni, kama tulivyokuwa tukihesabu magunia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kalunde, mke wangu, ametoa msimamo wake. "Baba Katunge, mimi nimelea mtoto, nikalea ng'ombe, nikakulea na wewe. Paka ya kununuliwa chakula kwa duka hiyo si yangu. Na asikanyage jikoni kwangu."

Nimemwambia Madam. Sidhani alisikiliza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Tumepanda ndengu katika vumbi, tukingoja mvua. Madam alikaa kivulini akisimamia. Kazi yetu: daraja la kwanza. Jua: limezidi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Pakiti imekwisha. Nimeitikisa, nimeichana, nimelamba kidole. Nimempigia Katunge. Amesema ile ya bei kubwa inapatikana Nairobi tu, nitafute ya bei nafuu hapa karibu, ila niwe mwangalifu, kuna zingine ni takataka. Dakika tatu.

Takataka. Amemwambia nani hilo neno? Mimi nimerudisha malori mazima kwa sababu ya takataka.

Jumanne, 28 Oktoba

Supermarket ni moja tu inayouza chakula cha paka hapa, ya Nadifa, ambaye huku tunamwita Mama Sahal. Watu wake ni wa Garissa, lakini yeye ameuza unga Migwani miaka kumi na tano na anajua nani ananunua nini. Rafu ya chini kabisa, kando ya dawa ya mende, nimekuta aina tatu. Kuna Nyau Plus, biskuti za umbo la samaki. Kuna Paka Poa, za rangi tatu, nyekundu, kijani na kahawia. Na kuna gunia lisilo na jina, ambalo Nadifa anapima kwa kopo.

Nilikuwa nimebeba bambo langu. Kwa yeyote atakayelisoma hili daftari nikishakufa: bambo ni bomba la chuma lenye ncha, unalichoma kwenye gunia likatoka na nafaka ya ndani kabisa, ile ambayo muuzaji hakutaka uione.

"Mzee, hiyo mkuki ni ya nini?" Nadifa akauliza.

"Mama Sahal, juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu."

Nikachoma. Nikamimina kiganjani. Vumbi lilikuwa jingi, vipande vilivyovunjika karibu robo, na kijiti kimoja. Rangi ya nje na ya ndani haikulingana. Harufu ya samaki aliyekufa kwa amani. Ikabaki unyevu. Mashine ya unyevu ilikuwa mali ya serikali na niliirudisha, lakini kabla ya mashine tulikuwa na meno. Unaweka punje kwenye gego, unauma. Ikipasuka kwa mlio mkavu, inafaa kuwekwa ghalani. Ikibonyea, inarudi kwa mwenyewe. Kila mpimaji anafanya hivyo, hata usingizini.

Nikauma. Ikabonyea. Nikafungua Paka Poa, nikauma ya nyekundu, ya kijani, ya kahawia. Kisha Nyau Plus, ambayo ilipasuka vizuri sana, nikaongeza ya pili kuhakikisha.

Nilipoinua kichwa, Kaveke alikuwa amesimama mwisho wa rafu. Kaveke ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Alitazama pakiti, akatazama taya langu likitafuna, akasema, "Habari ya mchana, Mzee Musyimi," kwa sauti ya chini ya hospitalini. Kisha akatoka bila kununua sukari aliyokuja kununua.

Sikufikiria lolote. Nimenunua aina zote tatu.

Jumatano, 29 Oktoba

Sahani tatu mstari mmoja, kila moja na kibandiko. Madam amenusa ya kwanza, amenusa ya pili, ya tatu ameipita bila kuipa salamu. Hajala.

Ijumaa, 31 Oktoba

Hajala. Simu, dakika nne. Katunge ameniuliza paka ana sura gani. Nimesema ana sura ya mtu aliyeshiba. Akaniambia niendelee kujaribu.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua. Imeanza ibada ikiendelea, pastor akaacha mahubiri tukaimba. Mvua: daraja la kwanza. Mahubiri, kwa ile sehemu tuliyoisikia: la pili.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepima uzito. Nimemtia Madam ndani ya kiondo cha Kalunde, nikakining'iniza kwenye mizani ya magunia iliyo stoo. Hakufurahi. Kilo tatu na gramu mia sita. Jinsi anavyokataa kula, nilitarajia kilo mbili. Nimefungua mizani, nimeipaka mafuta, nimepima tofali ninalojua uzito wake. Mizani haina kosa.

Nimempigia Katunge. Dakika tano.

Jumapili, 9 Novemba

Leo ni siku ya kuandika kirefu.

Baada ya ibada Kalunde alienda jikoni, nami nikakaa sebuleni nikisaga Nyau Plus kwenye kinu kidogo ili niichanganye na maji ya moto, maana nilikuwa nimefikiria kwamba labda Madam ana tatizo la meno. Nikasikia wimbo. Ulikuwa unakuja na njia, ukapita lango, ukaingia ndani kabla sijaweka kinu chini. Kaveke mbele, akina mama watano nyuma yake, na Pastor Nzuki. Wamebeba unga wa ugali, mafuta, maharagwe, sukari na sweta.

Walimaliza wimbo. Wote wakatazama kinu.

Kalunde akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Karibuni. Kuna nini?"

Kaveke akamshika mkono. "Mama Katunge, hakuna aibu. Kila nyumba iko na msimu wake. Ungetuambia mapema."

"Ningewaambia nini?"

Pastor Nzuki akafungua Biblia akasoma habari za yule kijana aliyekwenda nchi ya mbali, akatamani kujishibisha kwa chakula cha nguruwe. Alisoma polepole sana. Alipofika kwenye nguruwe alinitazama kwa upendo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikasimama. "Pastor, nilikuwa napima unyevu."

"Ndiyo, Mzee," akasema Kaveke.

"Kwa meno. Ni njia ya kazi. Ukiuma na ikipasuka—"

"Ndiyo, Mzee. Kaa chini upumzike."

Wakati huohuo Madam akaingia. Alitembea katikati ya sebule na tumbo lake likiyumba, akajilaza juu ya viatu vya pastor. Akina mama wakamtazama paka, wakanitazama mimi, ambaye tangu ujana sijawahi kunenepa. Mmoja akasema polepole, "Na paka amenona." Kaveke akafuta macho.

Waliomba. Waliombea nyumba, waliombea uzee, waliombea wanawake wapewe moyo wa kuwakumbuka waume zao wakati wa chakula. Kalunde alikuwa amesimama na mwiko wake na macho hakufunga. Miaka thelathini na nane amenipikia. Ameandaa karamu za harusi tano za kanisa lile, na nusu ya wale akina mama yeye ndiye aliyewafundisha kupika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa.

Walipoondoka alisema neno moja tu. "Kesho."

Jumatatu, 10 Novemba

Kalunde ametoa meza nje, akaiweka kando ya ua, upande wa barabara. Nimekula muthokoi na nyama ya mbuzi mbele ya watu kumi na wanne na punda mmoja. Kila aliyepita alisalimiwa kwa sauti na Kalunde, akaelezwa ni sahani yangu ya ngapi. Ilikuwa ya tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Meza nje. Pilau. Mvua ilianza, nikaambiwa nimalize.

Jumatano, 12 Novemba

Meza nje. Siwezi kufunga mkanda.

Nilimpigia Katunge kuuliza kuhusu meno ya Madam, nikajikuta namweleza habari za kinu, na nguruwe, na viatu vya pastor, na punda. Akacheka. Alicheka mpaka nikasikia amekaa chini, na mtu huko hotelini akamuuliza kama ni mgonjwa. Sijasikia kicheko hicho miaka miwili na nusu. Nilishika simu kwa mikono miwili nisije nikaikata kwa bahati mbaya. Nilifurahi, niandike tu hivyo. Dakika tisa.

Jumatatu, 17 Novemba

Nadifa amebandika karatasi kwenye rafu, juu ya Nyau Plus: IMEPIMWA NA MZEE MUSYIMI. DARAJA LA KWANZA. Nimemwambia aibandue. Mimi nilisema la pili: unyevu ni mzuri na harufu inavumilika, lakini mlaji amekataa, na daraja halitolewi bila mlaji.

"Wallahi Mzee, la pili nani atanunua?"

"Andika ukweli."

Akaandika la pili, shingo upande. Jioni nimesikia zimenunuliwa pakiti nne, na mwalimu mmoja wa sekondari amesema hajawahi kuona duka linalosema ukweli.

Ijumaa, 21 Novemba

Madam: kilo tatu na gramu mia tisa. Sahani zote tatu zimejaa. Siku tatu hajagusa hata moja. Panya wa stoo wako palepale, nawasikia, kwa hiyo si panya.

Nimewahi kuona mahindi yakiongezeka uzito bila kuongezwa. Ilikuwa ni maji. Nimembonyeza Madam tumboni. Si maji. Alinikwaruza.

Jumamosi, 29 Novemba

Palizi. Mgongo.

Jumatano, 3 Desemba

Simu, dakika kumi na nne. Katunge amenieleza kuhusu paa jipya, na jiko la kuni lisilotoa moshi, na dereva wa lori anayesimama kila wiki kwa ajili ya maharagwe yake. Fundi alimaliza kazi mwezi uliopita. Nikataka kusema kwamba kama ni hivyo anaweza kuja kumchukua paka sasa. Badala yake nikamuuliza dereva huyo anatoka wapi.

Kisha nilitaka kusema lile jambo la chapati. Nilivuta pumzi kabisa. Nikamuuliza kama biskuti ziloweshwe kwa maji moto au ya vuguvugu.

Ijumaa, 12 Desemba

Ndengu zimeweka maganda. Kaveke alipita, akaniona mezani kando ya ua, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, nimepata paka ya kufukuza panya. Sasa nimpe gani?" Nikamwambia Nyau Plus, daraja la pili. Nadhani hapo tumesameheana, ingawa sweta sijarudisha. Ni zuri.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Katunge hakuweza kuja, madereva nao wanakula Krismasi. Atakuja tarehe tatu. Nilimpigia kuuliza kama Madam anaruhusiwa mfupa. Akasema hapana, akasema heri ya Krismasi, Baba. Dakika kumi na saba.

Jumatatu, 29 Desemba

Jana asubuhi Kalunde alikwenda Nuu, kwa dada yake aliyepata mjukuu. Alifunga jiko lake kwa kufuli kama kawaida, akaniachia chakula kwenye hotpot, akasema atarudi Jumanne. Jiko letu liko nje, peke yake, na ufunguo hamwachii mtu yeyote.

Leo nilikuwa nimetandaza ndengu zote uani, juu ya turubai, zikauke tupure. Mavuno mazuri kushinda ya miaka minne. Saa nane mchana nilikwenda kumpimia Madam biskuti nikagundua sijamwona tangu jana asubuhi.

Nilitazama stoo, chini ya vitanda, juu ya mti wa mpapai, ndani ya kiondo. Nilikwenda kwa majirani wa juu na wa chini, nikaita "Madam, Madam" barabarani, na mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa anapita akaitika. Nilibeba sahani ya Nyau Plus nikiigongagonga. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Mwingi na niliyaona. Nilijua ndengu ziko nje. Nilisimama njia panda, nyumbani ni huku na korongo ni kule, nikaenda korongoni.

Mvua ikanikuta huko. Niliporudi ndengu zilikuwa zinaelea kwenye turubai na mimi nimelowa mpaka ndani ya sweta la kanisa. Nilizichota nikazitia stoo, lakini hata kipofu angejua.

Nikakaa kwenye kiti cha sebuleni nikampigia Katunge. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi niseme kwa sauti.

"Katunge, nimempoteza Madam."

Nikajifuta maji usoni.

"Nimetafuta kila mahali. Ni makosa yangu, nilipaswa kumwona jana. Na zile chapati." Sikujua kama nitaendelea, nikaendelea. "Zile chapati, hata kama zilikuwa nene, mimi ni baba yako, sikuwa kazini. Nilikosea. Nimekuwa nataka kukuambia tangu Oktoba na kila mara nauliza habari za biskuti."

Mvua ikapiga. Kisha nikasikia anapangusa pua.

"Baba," akasema, "umelowa?"

"Nimelowa."

"Badilisha nguo kwanza. Paka atarudi. Hata asiporudi, mimi bado nakuja Jumamosi."

Sikuandika dakika. Nilisahau kutazama.

Jumanne, 30 Desemba

Mvua imekatika alfajiri. Katika ule utulivu nikasikia sauti ya Madam, imekasirika sana, ikitoka jikoni kwa Kalunde. Nikaangalia kwa tundu la mlango nikaona jicho.

Kalunde alifika saa nne. Nikamwambia paka wangu aliyekatazwa kukanyaga jikoni yuko jikoni. Alifungua bila kunitazama. Madam akatoka. Chini ya meza, nyuma ya kibuyu, kulikuwa na kisahani kilicholambwa kikawa safi, na ukingoni kimebaki ugali mkavu na maziwa yaliyoganda. Kando yake kibao kidogo cha kukalia, na juu ya kibao kitambaa kilichokunjwa, kimejaa manyoya ya rangi ya majivu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Alinililia siku ya kwanza," akasema Kalunde. "Baba Katunge, yeye ni mgeni. Nitamnyima mgeni ugali?"

"Nimepima wiki tisa."

"Nimekuona."

"Mama Katunge, umechafua sampuli."

"Paka alikuwa anashiba," akasema, akaingia kuwasha moto.

Miaka thelathini na moja hakuna mkulima, dalali wala dereva aliyenipitishia gunia baya. Nimepitishiwa na mke wangu, kwa ugali, hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu.

Nimezipima ndengu zangu mwenyewe. Nimeuma. Zimebonyea. Daraja la tatu, na mpimaji ametia sahihi.

Jumatano, 31 Desemba

Nimekwenda kwa Nadifa kufuta daraja. Nimemweleza kwamba mlaji alikuwa ameshiba kabla ya jaribio, kwa hiyo matokeo yote ni batili.

"Mzee, mimi paka yangu ya duka anakula panya na canjeero, ile mikate yetu ya maji," akasema. "Niliona nisikuharibie kazi." Karatasi amekataa kuitoa. Anasema ndiyo inayouza.

Jumamosi, 3 Januari

Katunge amefika saa tano, na chai amekunywa.

Aliona sahani tatu na vibandiko vyake, akakaa kwenye ngazi akacheka tena kile kicheko. Mama yake alikuwa amesimama naye na mwiko, wanatazamana kama watu waliokula njama, nikajua bado kuna gunia sijalichoma.

"Baba," akasema Katunge, "huyo paka nilimwokota nyuma ya hoteli. Amekula mifupa ya mbuzi na mabaki ya madereva tangu azaliwe. Hajawahi kuona biskuti mpaka siku nilipomleta kwako."

"Na karatasi?"

"Karatasi nilitaka usome mstari wa mwisho."

Nikageuka nikausoma, pale ukutani. Umekuwa pale tangu tarehe kumi na tatu Oktoba.

"Ungepiga simu bila sababu?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Nilifikiria kama mtu aliyeapishwa, nikasema hapana, nisingepiga. Akatikisa kichwa, akaenda jikoni kumsaidia mama yake.

Nimehesabu alama za pambizoni. Simu arobaini na moja.

Katunge alipika chapati. Aliziweka mbele yangu, ndani, meza imerudi mahali pake, akasimama mikono kiunoni akingoja. Kalunde akaacha kutafuna. Hata Madam alitulia. Nilikula moja. Nilikula ya pili, nikala ya tatu. Nikaomba ya nne.

Jumapili, 4 Januari

Katunge amerudi Kambu baada ya ibada. Paka amemwacha. Amesema rangi bado inanuka, na mimi ninajua fundi alimaliza Novemba, na yeye anajua kwamba ninajua.

Madam amekula ugali mezani, mbele ya watu. Nimeziosha zile sahani tatu na kuzirudisha kabatini.

Jioni nimempigia Katunge kuuliza kama amefika salama. Paka sikumtaja. Dakika thelathini na mbili.